Wizi, Uchakachuaji na Mwanya: Maneno Matatu Yahusuyo Ulinzi wa Tuzo katika Michezo ya Mtandaoni

Kusudi la makala haya ni kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa halina nafasi katika jarida la lugha, nalo ni namna watu wanavyojipatia isivyostahili tuzo zitolewazo katika michezo ya mtandaoni, na namna ya kuwazuia. Michezo hiyo sasa huchezwa kwa simu ya mkononi katika kila pembe ya nchi yetu. Huchezwa Mwadui na Maganzo, Kahama na Geita, kama ichezwavyo Dar es Salaam na Mombasa. Baadhi yake huwalipa wachezaji kwa sarafu ya mchezo, na sarafu hiyo mara nyingine huuzwa kwa fedha halisi. Palipo na malipo hapakosi mtu wa kutafuta njia ya kuyapata bila kutoa kilichokusudiwa. Wenye michezo nao hutunga kanuni za kumzuia. Na kanuni hizo, zitakapo kufasiriwa kwa Kiswahili, huja mikononi mwetu sisi watu wa lugha.

Hapo ndipo shida inapoanza. Mfasiri mwenye haraka huweka neno moja, udanganyifu, mahali pa matendo yasiyofanana hata kidogo, na adhabu moja huwaangukia watu wenye makosa tofauti, pamoja na wengine wasio na kosa. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno matatu yaliyokwisha kuzoeleka, yaani wizi, uchakachuaji na mwanya, na kwamba kila moja huandamana na kitenzi chake. Mwizi hukamatwa, kilichochakachuliwa hupimwa, na mwanya huzibwa. Atakayeyachunguza maandamano hayo ya maneno ataona kwamba ndani yake mna dawa ya kila tatizo. Na atakayeyachanganya maneno, atachanganya dawa pia.

Mifano mingi nimeichukua katika ukanda wa madini wa Shinyanga na Geita, na mingine katika biashara ya mafuta na ya fedha kwa simu. Sababu yake ni kwamba watu wetu wamekuwa wakiishi na maswali haya ya tuzo, kipimo na ulinzi kabla mchezo wa kwanza wa mtandaoni haujawafikia.

I. Bao na lambo

Yafaa kwanza tueleze uchumi wa mchezo ni kitu gani. Tuanze na bao, mchezo tuujuao. Bao la Kiswahili lina kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni huziweka 10 ubaoni na kubaki na 22, ambazo huzinamua moja moja. Kete zikiliwa hazitolewi mchezoni, bali husambazwa upya katika upande wa aliyezila. Kwa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kete haziongezeki wala hazipungui. Mchezaji hodari aweza kukusanya kete za mwenzake, lakini hawezi kuzaa kete mpya.

Mchezo wa mtandaoni ni kinyume cha hayo. Huko sarafu mpya huzaliwa kila mchezaji atimizapo kazi fulani: auapo jitu, avunapo shamba la mchezoni, au afunguapo programu siku kwa siku. Sarafu hizo zahitaji kuwa na mahali pa kupotelea, kama vile ada ya soko, ukarabati wa silaha au ununuzi wa vifaa. Wafugaji wa Usukumani wataufahamu upesi mpango huu kwa mfano wa lambo. Mvua huleta maji, ng'ombe huyanywa na jua huyakausha. Anayelitunza lambo hana budi kujua kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka. Katika mchezo, sarafu zikiingia kuliko zinavyotoka, thamani yake hushuka, kama noti zilizochapwa kupita kiasi.

Mfano wa wazi ni mchezo uitwao Axie Infinity, wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Katika mwaka 2021 watu wengi, hasa nchini Ufilipino, waliucheza kama kazi ya kujipatia riziki. Sarafu waliyolipwa, iitwayo SLP, ilipita senti 30 za dola ya Marekani katikati ya mwaka huo; lakini ilizaliwa kwa wingi kuliko ilivyotumika, na mwanzoni mwa mwaka 2022 ilikuwa imeshuka chini ya senti 2. Mwezi Februari 2022 kampuni iliondoa tuzo za kazi za kila siku na za sehemu ya mchezo ambayo mtu hucheza peke yake, ili kupunguza mmiminiko. Anguko hilo halikuhitaji mwizi wala mlaghai. Mtunzi wa tuzo alikosea hesabu ya maji ya lambo lake, na hasara ikawafika waliokuwa wakicheza kwa uaminifu. Nimelitanguliza jambo hili ili msomaji asidhani kwamba kila tuzo iharibikapo pana mtu wa kulaumiwa.

II. Wizi

Kuiba ni kitenzi kinachodai mwenye mali. Tukisema "aliiba", mara huulizwa, "Alimwibia nani?" Swali hilo lina jibu, au si wizi. Mali ilikuwa mahali fulani chini ya mtu fulani, ikahamishwa bila idhini yake.

Historia ya Mwadui yatupa mfano wa mali inayolindwa kwa uzio. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mahali hapo mwamba wenye almasi, na mgodi wake ukajulikana duniani kote. Jiwe la rangi ya waridi lililopatikana mwaka 1947, lenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa, alizawadiwa Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa bado binti mfalme. Almasi ni kitu kidogo chenye thamani kubwa. Hufichwa kiganjani, na kwa hiyo ulinzi wake tangu zamani umekuwa ni uzio, walinzi na upekuzi. Nje ya uzio limezuka neno la mahali pale: wanaoingia mgodini kwa siri kuchukua mchanga wenye almasi huitwa wabeshi, na kazi yao ubeshi. Hili ni jina la kazi, kama uvuvi au uhunzi. Na kule kulifanya tendo kuwa kazi kwaonyesha kwamba anayelitenda na anayelilinda hawalitazami kwa jicho moja.

Uzio nao una gharama yake. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi zaidi katika mgodi huo, ilitangaza makubaliano ya kulipa takribani pauni milioni 4.3 kuhusu madai ya wananchi waliosema waliumizwa au kufiwa kutokana na vitendo vya walinzi. Makubaliano hayo yalifanywa bila kukiri dhima ya kisheria, ingawa kampuni ilikubali kwamba matukio ya vifo, majeraha na kudhulumiwa kwa watu yalikuwa yametokea. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja: kila aonekanaye karibu na uzio akikwisha kupewa jina la mwizi, mkono wa mlinzi hupata wepesi ambao haukustahili kuupata.

Katika michezo ya mtandaoni wizi halisi upo. Mtu huweza kupata neno la siri la mwenziwe akaingia katika akaunti yake na kuhamisha mali yake yote. Wizi mkubwa kuliko wote katika habari zetu ulitokea Machi 2022, pale wezi walipouingilia mtandao wa Ronin, uliobeba fedha za Axie Infinity, wakachukua sarafu za kripto zenye thamani iliyopita dola milioni 600. Idhini ya kuhamisha fedha ilihitaji saini 5 kati ya 9, na wezi walizipata zote 5. Saini 4 kati ya hizo zilikuwa za kampuni moja. Serikali ya Marekani ilisema baadaye kwamba kazi hiyo ilifanywa na kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Dawa ya wizi ni ile ya mlango na ufunguo. Hesabu ya mali iwekwe katika seva ya mwenye mchezo, isiwekwe katika simu ya mchezaji ambako aweza kuibadili. Kila kifaa chenye thamani kipewe namba yake ili kisizalishwe mara mbili. Mchezaji atakiwe uthibitisho wa pili anapoingia. Na funguo za hazina zigawanywe katika mikono iliyo mbali mbali kwa kweli. Haya ni mambo ya ulinzi, nayo yafaa kwa mwizi. Hayamzuii hata kidogo mtu ambaye hakuvunja mlango.

III. Uchakachuaji

Neno kuchakachua lilienea mno nchini Tanzania kutokana na biashara ya mafuta. Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo sana kuliko ya dizeli na petroli; kwa hiyo wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuuza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 neno hilo likahamia katika kura na matokeo, na tangu hapo limetumika kwa karibu kila kitu.

Mwanaisimu atazame kijalizo cha kitenzi hiki. Huchakachuliwa kitu, hachakachuliwi mtu: mafuta, kura, matokeo, mbegu. Kinachoharibiwa ni usafi wa kitu kinachotolewa. Kwa nje chafanana na kilichoombwa, kwa ndani sicho. Mwenye kununua hakuibiwa kwa maana ya mlango kuvunjwa. Alipokea kwa hiari kitu alichodhani ni kingine. Hapa ndipo neno udanganyifu lafaa kweli, kwa maana yupo aliyedanganyika.

Katika mchezo wa mtandaoni, kinachoombwa mara nyingi ni mtu: muda wake, bidii yake, uwepo wake. Kuchakachua, basi, ni kutoa kitu kinachofanana na mtu. Mmoja hujifanya hamsini kwa kufungua akaunti hamsini. Mwingine huiachia programu icheze badala yake usiku kucha. Programu ya namna hiyo haina jina la Kiswahili lililokubaliwa. Neno la Kiingereza likiandikwa kwa sauti zetu huwa boti, nalo tayari ni chombo cha majini, kwa hiyo laweza kuleta kicheko kabla ya kuleta maana. Napendekeza kikaragosi, ambalo kila mtu huelewa kuwa ni sanamu inayochezeshwa na mtu aliyejificha.

Mwaka 2009 kampuni ya Valve ya Marekani ilianza kutoa vifaa vya tuzo kwa wachezaji wa Team Fortress 2 kwa kadiri ya muda waliokaa mchezoni. Wengine wakatumia programu iliyoonyesha kwamba wapo hali hawapo. Mwezi Septemba mwaka huo kampuni iliwanyang'anya vifaa vilivyopatikana kwa njia hiyo, na waliocheza wenyewe ikawapa taji la mviringo wa nuru la kuvaa kichwani mchezoni. Mwaka 2024 ulienea mchezo wa Hamster Kombat katika programu ya Telegram, ambamo mtu hugonga kioo cha simu akikusanya pointi kwa matumaini ya kugawiwa sarafu. Sarafu ilipogawiwa mwezi Septemba, wenye mchezo walitangaza kwamba wamewaondoa washiriki takribani milioni 2.3 kwa kukiuka kanuni.

Dawa ya kilichochakachuliwa ni kukipima. Mwezi Septemba 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta, ili kipimo kidogo tu kionyeshe kama yamechanganywa. Tazama safari ya neno hili: nasaba ni ukoo, kinasaba ni alama ya ukoo katika damu, na sasa mafuta nayo yamepewa ukoo wake ili yatambulike. Mwenye mchezo naye hutafuta vinasaba vya mtu: mwendo wa vidole visivyogonga kwa mapigo sawasawa, usingizi wa saa kadhaa kila siku, simu moja isiyobeba akaunti hamsini.

Hata hivyo kupima kunagharimu. Nchi yetu ilipoandikisha laini za simu kwa alama za vidole, kazi iliyoanza mwaka 2019, ilitakiwa namba au kitambulisho cha taifa. Na ulipofika ukomo wa Januari 2020, zilianza kufungwa hata laini za watu halisi ambao walikuwa hawajapata vitambulisho. Mchezo unaodai hati nyingi huwaacha nje watu wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kipimo kizuri kiwe na njia ya rufaa, na rufaa isomwe na mtu anayeifahamu lugha ya mlalamikaji.

IV. Mwanya

Mwanya ni nafasi iliyo wazi kati ya vitu viwili vilivyokaribiana, kama kati ya meno ya mbele. Katika lugha ya utawala twasema mianya ya rushwa, mianya ya ukwepaji kodi. Na kitenzi kinachofuata ni kimoja tu, kuziba. Hakuna anayesema kwamba mwanya umekamatwa. Mwanya si mtu, ni umbile la kitu chenyewe, na aliyelifanya umbile hilo ni mtunzi.

Mfano uliofahamika sana ni wa mawakala wa fedha kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Wakala alilipwa kamisheni kwa kila muamala, kwa kufuata madaraja ya kiasi. Na madaraja hayo yalipangwa kwa namna ambayo amana kubwa moja ilimpa malipo madogo kuliko amana hiyo hiyo ikigawanywa vipande. Basi baadhi ya mawakala wakazigawanya. Mteja aliyekuja na fungu moja la fedha aliwekewa mara tatu au nne. Tuulize sasa: nani aliibiwa? Fedha za mteja zilifika zote. Nani alidanganywa? Kila muamala ulikuwa wa kweli, na kila shilingi ilikuwepo. Mtu alisoma jedwali la malipo na kulitii neno kwa neno. Aliyeumia ni kampuni, ambayo ilikusudia kulipia huduma na jedwali lake likalipia hesabu ya miamala. Kampuni iliweza kuikataza desturi hiyo waziwazi, na baada ya katazo mambo ni mengine. Lakini kabla ya katazo kosa lilikuwa katika jedwali.

Katika michezo, mfano bora kuliko yote niujuao ni wa EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland. Mwaka 2012 kampuni iliweka tuzo kwa atakayeharibu mali ya adui vitani, na kiasi cha tuzo kikatokana na bei ya mali hiyo sokoni. Kikundi cha wachezaji kikachagua vifaa visivyo na faida ambavyo karibu hakuna aliyevinunua, kikavinunua na kuviuza chenyewe kwa chenyewe kwa bei ya kupaa, kisha kikaviharibu na kudai tuzo. Walijipatia mali ya mchezoni iliyohesabiwa kwa matrilioni ya sarafu yake kabla kampuni haijabadili kanuni na kuwanyang'anya faida hiyo. Watu wa Geita watatabasamu kidogo hapa, maana wao wana neno magwangala, yaani mawe ya mabaki yatupwayo na mgodi mkubwa, ambayo kwa mgodi ni takataka na kwa mwananchi ni riziki kwa kuwa yamebakiza dhahabu kidogo. Tofauti ni kwamba katika magwangala dhahabu imo kweli. Katika vifaa vya EVE hamkuwa na kitu ila bei iliyoandikwa.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 kanuni ambayo siku hizi hutajwa kwa jina lake: kipimo kinachotegemewa kuwaongoza watu huacha kuwa kipimo cha kuaminika. Mwanya ni nafasi iliyopo kati ya kile tunachokitaka na kile tunachokipima. Tunataka huduma, tunapima miamala. Tunataka vita, tunapima bei za mabaki. Tunataka mchezaji, tunapima saa.

Hapa utamaduni wetu una kauli yake. Katika ngano, Sungura hushinda kwa hila, na Abunuwasi huyashika maneno ya mfalme kama yalivyotamkwa, wasikilizaji wakacheka na kumsifu. Kijana aliyelelewa na ngano hizo hujiita mjanja anapouona mwanya, wala dhamiri haimsuti kama ambavyo ingemsuta kwa wizi. Mtunga kanuni asiyelitambua hili hushangaa kwa nini makaripio yake hayasikiki.

V. Dawa isiyo yake

Huenda msomaji akauliza kama si kazi bure kutenganisha mambo haya, ikiwa mwisho wa yote ni kuzuia. Jibu ni kwamba dawa ya moja haiponyi jingine. Tanzania ina mifano miwili iliyopishana kwa mwaka mmoja tu. Aprili 2018 ulizinduliwa ukuta wa Mirerani, wenye urefu wa takribani kilomita 24.5, kuzunguka machimbo ya tanzanite. Jiwe hilo huchimbwa mahali pamoja tu duniani, na kwa hiyo ukuta uliwezekana. Dhahabu haizungukiki. Machimbo madogo yametapakaa Geita, Kahama, Nzega hadi Chunya, na hakuna ukuta utakaoyafunika. Lililokuwa likiipeleka dhahabu kwenye magendo lilikuwa ni pengo la bei: mchimbaji mdogo aliyeuza kihalali alikatwa, juu ya mrabaha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mapema mwaka 2019 kodi hizo mbili ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo. Tarehe 17 Machi 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 zilibaki, na makusanyo yakaongezeka. Mwanya ulizibwa kwa kuileta bei ya halali karibu na bei ya magendo.

Lakini kuziba nako kuna anayelipa. Turudi kwenye mafuta, ambamo uchakachuaji ulizaliwa na mwanya wa kodi. Vinasaba vilipima, ila pengo la kodi likabaki likimwita mchakachuaji. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, na kupunguza ule wa dizeli. Faida ya kuchanganya ikaisha. Lakini mwanakijiji aliyewasha koroboi, ambaye hakuwahi kuchanganya chochote, naye akaanza kulipa ushuru ule ule. Vivyo hivyo mwenye mchezo akikata tuzo ya wote ili kumzuia mwenye akaunti hamsini, anayeumia zaidi ni yule mwenye akaunti moja. Swali la kwanza la mziba mwanya na liwe hili: je, nikiziba hapa, nani atakosa mwanga?

Kwa ufupi, kazi ya kuziba katika michezo huenda kwa hatua zifuatazo. Kwanza, tuzo isihesabiwe kwa kipimo ambacho mchezaji mwenyewe aweza kukipandisha, kama bei ya soko dogo. Pili, malipo ya tendo likirudiwa yapungue kidogo kidogo, ili kurudia mara elfu kusiwe na faida mara elfu. Tatu, malipo yafuate kiasi chenyewe na si idadi ya vipande vyake. Nne, kanuni mpya ijaribiwe na watu wachache kabla ya kuwafikia wote. Tano, anayeugundua mwanya na kuutangaza kwa mwenye mchezo apewe zawadi iliyo bora kuliko faida ya kuutumia kimya. Hivyo ujanja wa Sungura hugeuzwa kuwa ulinzi. Mwisho, mwanya ukizibwa, kanuni mpya isiwaadhibu watu kwa matendo yaliyoruhusiwa na maneno ya kanuni ya zamani, ingawa mwenye mchezo aweza kuwa na haki ya kuirudisha faida isiyo na msingi.

VI. Kazi ya mfasiri

Tumefika sasa kwenye kazi yetu. Tuseme mfasiri ameandika sentensi ya namna hii: "Mchezaji atakayebainika kufanya udanganyifu wa aina yoyote atafungiwa akaunti yake." Sentensi ni fasaha, na ni ya hatari. Neno udanganyifu ladai aliyedanganywa. Lakini "wa aina yoyote" hulivuta lifunike wizi, ambao ni zaidi ya udanganyifu, na matumizi ya mwanya, ambayo mara nyingi si udanganyifu kabisa. Kijana wa Maganzo aliyetegemea sarafu za mchezo kununua bando na sabuni, akifungiwa kwa sentensi hiyo, hatajua kosa lake ni lipi, wala hataweza kujitetea, kwa kuwa hakuna swali mahususi la kujibu.

Napendekeza vifungu vitatu mahali pa kimoja. Cha wizi kiseme: "Ni marufuku kuingia katika akaunti ya mwingine au kuhamisha mali yake bila idhini, atakayefanya hivyo atafungiwa na kushtakiwa." Cha uchakachuaji kiseme: "Kila mtu atumie akaunti moja na acheze mwenyewe, tuzo iliyopatikana kwa akaunti za ziada au kwa kikaragosi itafutwa, na mchezaji ana haki ya kukata rufaa." Cha mwanya kiseme: "Atakayeona kanuni inayotoa tuzo kinyume cha kusudi lake aitaarifu kampuni, naye atazawadiwa; baada ya tangazo la kuziba, kuendelea kuitumia kutahesabiwa kuwa kosa." Katika kifungu cha tatu, kosa laanza pale tangazo lilipotolewa, na kabla yake mzigo u juu ya mtunzi.

Yapo maneno mengine yanayohitaji fikra za wenzangu. Tendo la kucheza kwa saa nyingi ili kukusanya sarafu za kuuza, ambalo kwa Kiingereza hufananishwa na kilimo, laweza kuitwa kuvuna au kulima. Mimi nahofia kwamba kulima lina heshima kubwa mno kwa tendo ambalo kanuni nyingi hulikataza, ila pengine wakulima wenyewe wana rai nyingine. Mahali sarafu inapopotelea, ambapo katika makala haya nimepaeleza kwa mfano wa lambo, hapajapata jina. Na neno tuzo lenyewe halijatenganishwa vya kutosha na ujira, bahashishi na kamisheni, ingawa mtu hudai ujira kwa haki na hupewa tuzo kwa hisani, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamuliwa siku mchezaji atakapokwenda mahakamani. Wasomaji waliosikia maneno yanayotumika kwa mambo haya katika miji ya machimbo, katika pwani au ng'ambo, pamoja na mifano ya sentensi yalimosikika, wataisaidia sana kazi hii wakiyatuma kwa mhariri.